Kiboko na Risasi Laini

Kijijini kwetu wanasema risasi ilikuwa mbovu. Wanasema hivyo kwenye kijiwe cha kahawa, wanasema kanisani baada ya ibada, na baba mdogo wangu, mjumbe wa serikali ya kijiji, mtu mzima mwenye mvi zake, alinitamkia usoni huku ameshika kikombe cha chai nyumbani kwangu Kisesa. Risasi mbovu! Nilitamani kumnyang'anya kile kikombe. Dada yangu amekatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya uroho wa watu wazima, halafu lawama wanaibebesha risasi, kitu kisicho na mdomo wa kujitetea.

Mimi risasi nazijua. Si kwa kupiga, maana bunduki sijawahi kumiliki. Nazijua kwa kuzitafuta ndani ya nyama. Kabla sijafungua bucha hapa Kisesa, nilifanya kazi ya uchunaji kwenye kambi za uwindaji, huko kwenye mapori ya upande wa Simiyu. Wageni walipiga, sisi tulichuna. Kila mnyama aliyeletwa kambini tulifuata njia ya risasi kwa kidole na kisu: imeingilia wapi, imevunja nini, imeishia wapi. Mwindaji alitaka kipande cha risasi yake akakioneshe kwao, na mchunaji aliyekosa kukipata alionekana mvivu.

Humo ndani ya mizoga ndimo nilimojifunza kwamba risasi za kuwindia ni za namna mbili kubwa. Kuna laini, ambayo mwili wake umevikwa ganda la shaba lakini ncha imeachwa wazi. Ikigonga nyama, ile ncha inafunguka na kutanuka kama uyoga, inachana kila inachokutana nacho na kwa kawaida inabaki humo humo mwilini. Kwa swala au kongoni hiyo ndiyo risasi ya huruma. Ikiingia nyuma ya bega, mapafu yanachanika, mnyama anakimbia hatua chache, basi. Ila ukimpiga kwenye mfupa wa bega umeharibu nyama, bega zima linavilia damu na hata mbwa analinusa mara mbili kabla ya kulila.

Halafu kuna ngumu. Hiyo haifunguki. Inatoboa ngozi, mafuta, mfupa na ubongo, na mara nyingi inatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Swala ukimpiga nayo inapita kama sindano, anakwenda kufia mbali, fisi ndio wanaofaidi. Ngumu ni ya tembo. Ngumu ni ya kiboko, ambaye ngozi yake peke yake inachosha kisu kilichonolewa asubuhi hiyo hiyo.

Nilichuna nyati mmoja aliyepigwa laini tatu kwenye mfupa wa bega. Zote nilizikuta pale pale, zimejikunja, hakuna hata moja iliyofika kwenye moyo. Yule nyati alikuwa ameteseka toka asubuhi mpaka jua linashuka. Mgeni aliyempiga aliangalia vile vipande mkononi mwangu akasema mnyama alikuwa mkaidi. Nilimeza hasira yangu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analisha kambi. Sikujua kwamba siku moja ningesikia maneno ya namna hiyo hiyo kutoka kwa ndugu zangu wa damu, ambao hawanilishi hata ugali.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo mto mdogo unaingia ziwani. Ng'ambo ya mto ni kijiji kingine. Tunaoana nao, tunazikana nao, lakini likija suala la kiboko tunakuwa maadui. Desturi ya pale ni kwamba kiboko akiuawa na serikali, meno ni ya serikali, nyama ni ya kijiji ambacho mzoga umelala kwenye ufukwe wake. Haijalishi ameharibu shamba la nani. Haijalishi ametafuna mtumbwi wa nani. Ufukwe aliolalia ndio wenye nyama.

Sasa kiboko akipigwa majini anazama kama jiwe, anakaa chini mpaka tumbo lijae gesi, ndipo anaibuka. Na pale kwetu maji ya mto yanamsukuma kuelekea ng'ambo. Zamani kidogo ilitokea hivyo: kiboko akapigwa mbele ya macho yetu, akaibukia kwao. Wakala wao, sisi tukapata harufu ya moshi. Kisa hicho kinasimuliwa kijijini kwa uchungu ambao sijasikia watu wakiutumia hata kwa misiba.

Huyu kiboko ninayemwandika alianza na mpunga wa dada yangu. Dada ni mkubwa wangu, mjane, ana shamba bondeni karibu na mdomo wa mto, anapanda mpunga na kiangazi analima vitunguu na nyanya kwa kumwagilia kwa ndoo. Shamba hilo ndilo limesomesha watoto wake. Kiboko alimlalia mpunga, akarudi akamkanyagia kitalu cha vitunguu, kisha akamfukuza jirani yetu mmoja mpaka mlangoni kwake. Dada ndiye aliyekwenda ofisini kupeleka taarifa, akarudi tena, akarudi tena, mpaka akatumwa ofisa wa wanyamapori. Wazee bado wanamwita bwana nyama. Dada akanipigia simu, nikafunga bucha nikaenda, nikijua watahitaji mtu wa kuchuna.

Bwana nyama alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia, tukazungumza, na kwa maneno machache tu nikajua kazi anaijua. Alikuwa na risasi za aina zote mbili kwenye mkanda wake. Akaketi na wazee akawaeleza mpango wake.

"Nitampiga akiwa majini," alisema. "Akiinua kichwa kupumua, nampiga kati ya jicho na sikio. Risasi ngumu, moja. Hatajua kilichompata."

"Majini hapana, bwana," baba mdogo akamkatiza. "Majini ataenda ng'ambo."

"Atakuwa amekufa, mzee wangu. Si ndicho mlichoniitia?"

"Ndicho, ndicho. Lakini afie kwetu. Sisi ndio tuliopata hasara."

Sisi! Baba mdogo hana hata tuta moja la mboga kule bondeni. Mwenyekiti wa kijiji akaongeza kwamba kila asubuhi kiboko yule hulala kwenye tope la ufukweni upande wetu akiota jua, kwa hiyo kuna haja gani ya kumsumbua majini. Wengine wakaitikia. Bwana nyama akajaribu kueleza kwamba kiboko aliyelala chini kichwa chake kinafichwa na magugu, kwamba atalazimika kumpiga ubavuni, kwamba ubavuni kuna mengi ya kupita kabla ya kufika moyoni. Walitia pamba masikioni. Mmoja akamuuliza kama bunduki ya serikali inaogopa ubavu. Watu wakacheka. Nami nilisema, nikasema tena kwa sauti kubwa, na baba mdogo akaniambia mwanangu, wewe umekuja kuchuna, subiri zamu yako.

Bwana nyama akakubali. Hapo nami namlaumu, na nimeshamwambia mwenyewe. Mtu mwenye bunduki na akili timamu hakubali kuchaguliwa shabaha na watu wenye njaa ya nyama.

Asubuhi nilimwacha dada shambani kwake, amechutama kwenye kitalu chake kilichobaki, nikamfuata bwana nyama. Tulijibanza kwenye matete. Kiboko alikuwa pale kwenye tope kama walivyosema, ametupa ubavu, mkubwa, ametulia. Na nyuma yake, kwenye mwinuko wa ukingo, walikuwa wamesimama watu. Kijiji kizima. Mapanga, mabeseni, viroba, ndoo. Walikuwa wamewahi mapema kuziba njia ya ng'ambo, ili watu wa kule wasije wakafika kwanza na kuanza kukata. Kwa mbali, na jua likitupiga machoni, niliona mabeseni yanang'aa tu, nyuso sikuziona.

Walikuwa wamesimama kwenye mstari wa risasi.

Bwana nyama alisimama akapunga mikono wasogee. Wakasogea kidogo, wakarudi. Akapiga kelele kwa sauti ambayo sikudhani anayo: "Ondokeni nyuma ya mnyama! Risasi itapita!" Walisikia. Pale maji yanabeba sauti, mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Hawakuondoka. Aliyeondoka angepoteza nafasi yake kwa aliyebaki, na kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake.

Bwana nyama alichutama tena pembeni yangu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akafungua bunduki, akatoa ile ngumu, akaiweka mfukoni, akaingiza laini.

"Hiyo haitafika," nilimnong'oneza.

"Najua. Lakini ngumu ikipita inamuua mtu."

"Basi usipige. Turudi."

"Nikirudi leo, kesho huyu mnyama akiua mtu, nitasema nini?"

Akapiga. Ule mlio ninao masikioni mpaka leo. Kiboko aliinuka kwa kasi ambayo mtu asiyemjua hawezi kuiamini, akayumba, bega la mbele likamlegea, kisha akajitupa kwenye matete na maji yakamfunika. Bwana nyama alipiga tena, ikagonga maji. Kule kwenye mwinuko nilisikia watu wakiguna kwa pamoja, mguno wa timu iliyokosa bao.

Akatoa amri palepale kwamba mtu yeyote asikanyage mdomo wa mto mpaka mnyama apatikane. Kiboko aliyejeruhiwa haendi mbali, analala kwenye matete ya kina kifupi, na maumivu yake anayamalizia kwa wa kwanza kufika. Alimtafuta siku ile, akamtafuta iliyofuata, mtumbwi hakuna aliyetaka kumwazima. Wale wale waliokuwa na ubavu wa kusimama mbele ya bunduki walikuwa wamejifungia majumbani.

Lakini miche ya vitunguu haijui amri. Jua lilikuwa kali, na bomba la kijiji lilikuwa limekauka toka mwanzo wa kiangazi. Dada alivumilia mpaka miche ikaanza kulala, kisha asubuhi moja akachukua ndoo yake. Hakwenda mdomoni mwa mto, alikwenda juu kidogo, mahali alipodhani ni salama. Yule mnyama alikuwa hapo hapo. Alimshika pajani. Aliyemwokoa ni mvuvi aliyekuwa akitandaza nyavu, akaja akipiga mtumbwi kwa kasia na kupayuka, mpaka kiboko akamwachia.

Nilimkuta hospitalini Mwanza. Sitaelezea mguu. Nimefanya kazi ya kukata nyama maisha yangu yote, na nikashindwa kutazama.

Bwana nyama alimuua kiboko siku hiyo hiyo, majini, kwa risasi ngumu kati ya jicho na sikio. Hakukuwa na mtu hata mmoja nyuma yake. Mnyama alizama, akaibuka, na hakwenda ng'ambo hata kidogo, matete yalimshika akabaki upande wetu. Nikaitwa kuchuna. Nilikwenda, na watu walishangaa kwamba nimekwenda. Nilichofuata ni lile bega lililopigwa.

Nilifuata njia ya ile risasi laini kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imeingia pale bwana nyama alipolenga, pazuri kabisa. Ilikuwa imepita ngozi, ikapita mafuta, ikagonga mfupa ikaupasua, na hapo ikafunguka yote, ganda la shaba limejipindua, imebaki kipande kilichokaa kama ua lililokauka. Toka hapo mpaka kwenye moyo pana kiganja cha mkono. Kiganja kimoja! Nyama yote ya pale ilikuwa imeoza, usaha unatoka, na kila siku ambayo yule mnyama aliishi alikuwa akiishi na kitu hicho. Nilikiosha nikakiweka mfukoni. Wao walikata kuzunguka lile bega wakajaza mabeseni yao. Shangazi yangu alinikumbusha nisisahau fungu la mgonjwa. Nilimjibu vibaya, na sijamwomba radhi.

Mwaka huu kiboko mwingine ameanza kuja. Mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi, nami nikaenda na kile kipande. Niliposimama nikakiweka juu ya dawati la mbele, nikawaeleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa maneno makali zaidi. Niliwaambia kwamba mtu akisimama nyuma ya mnyama na beseni, yeye ndiye anayechagua risasi. Niliwaambia dada yangu alikuwa kwenye vitunguu vyake, hana habari na nyama yao, na yeye ndiye aliyeng'atwa.

Wakakipitisha kile kipande mkono kwa mkono. Wakakipima uzito. Kijana mmoja akakipiga picha. Kikafika kwa baba mdogo, akakigeuza geuza, akavaa miwani.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Imeharibika yote. Si nilisema? Ilikuwa mbovu. Safari hii tumwambie bwana nyama aje na risasi nzuri."

Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti, sijui ningefanya nini. Dada ndiye aliyenizuia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, magongo yake ameyalaza sakafuni, na tangu aumie hakuwa amefungua mdomo kwenye mkutano wowote.

"Haikuwa mbovu, baba mdogo," alisema. "Ilifanya kazi tuliyoipa. Tulitaka isipite, nayo haikupita."

"Dada, usijihesabu nao," nilimwambia. "Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo."

Watu waliokaa mbele wakageuka kumtazama.

"Mliponiacha shambani niliosha beseni la miche, nikapita njia ya juu," alisema. Alikuwa anaongea nami, si na wao. "Nilikuwa mbele kabisa. Bwana nyama alipopiga kelele tuondoke nilimsikia vizuri. Mwenzangu alitaka kuondoka, nikamshika kanga. Nikamwambia tukitoka hapa hatupati kitu."

Naandika wazi kilichonipata: nilikasirika. Nilimkasirikia dada yangu mwenye mguu mmoja, mbele ya watu wote, kuliko nilivyowahi kumkasirikia baba mdogo. Nilikuwa nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yake. Shangazi hanisalimii. Harusi ya binamu yangu sikwenda. Na muda wote huo yeye alikuwa ananisikiliza nikitukana watu wenye mabeseni, anaitikia kwa kichwa, ananimiminia chai.

Mwenyekiti akauliza wanaokubali kwamba safari hii kiboko apigwe majini na mtu yeyote asisogee ufukweni, hata akiibukia ng'ambo. Dada alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakafuata polepole, wakiangalia sakafu. Baba mdogo alinyoosha mwishoni kabisa, na kile kipande bado amekishika. Sikumwomba anirudishie.

Nilimsindikiza dada nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na njia ilikuwa mbaya kwa magongo, lakini sikumsaidia, nilitembea mbele yake kama mtu asiyemjua. Tulipokaribia kwake nikashindwa kuvumilia, nikageuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alisimama kwanza apumue.

"Wote walikuja kunionea huruma," alisema. "Huruma na sukari na sabuni. Wewe peke yako ndiye uliyekasirika. Ningekwambia, ungeacha."

"Bado nimekasirika," nilimwambia.

"Haya. Basi nishike mkono, hapa pana tope."